Suruali Iliyoachiwa Akiba

4 Februari

Mpwa wangu Nadhifu,

Huku tuko salama, na wewe tunakuombea hivyo hivyo. Baba yako goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima, maana asubuhi hii amegombana na redio mpaka akaizima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike mwenye nywele tele. Watu wanasema kafanana na wewe. Nimewaambia wamwache mtoto wa watu, ana siku tisa tu duniani.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Nimekupigia simu mara nne, na mara zote umenijibu kwa ujumbe, "Shangazi, niko kwenye kikao." Sijui ni kikao gani hicho kisichokwisha. Hata matanga yana siku ya kuondoka. Barua angalau haitakukuta kwenye kikao.

Sasa sikiliza. Chuo kimeamua walimu wote wa karakana tusome upya. Mimi ninayefundisha ushonaji mwaka wa ishirini na saba huu natakiwa nisome kozi ya ualimu kwenye kompyuta, nifanye mtihani humo humo, nipate cheti. Mtihani unajaribiwa mara tatu tu. Ambaye hadi tarehe thelathini Juni hajafaulu, anaondolewa darasani. Si kuhamishwa wala kupunguziwa vipindi, anaondolewa. Mkuu wa chuo alitusomea tangazo hilo huku anatabasamu, nikajua yeye hahusiki.

Kusoma hakunitishi. Kilichonishinda ni huo mtandao wa mafunzo wenyewe. Mwanangu! Ukurasa mweupe pe, na juu yake maandishi ya rangi ya majivu, madogo kama mayai ya chawa. Katikati wameweka picha ya msichana anaichekea kompyuta, picha kubwa, unaona mpaka meno ya mwisho. Somo lenyewe limesukumwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Nimetafuta mahali pa kuongezea ukubwa wa maandishi, sijapaona. Nimetafuta mahali pa kubadilishia rangi, sijapaona pia. Nimeona mahali pa kubadilishia picha ya msichana.

Jirani yangu wa karakana ya pili, yule mwalimu wa useremala uliyemwibia misumari ukiwa darasa la nne, analia na lake. Kwenye mtihani hakuna neno "ndiyo" wala "hapana". Kuna maduara mawili, la kijani ni kukubali na jekundu ni kukataa, na kila swali yanabadilishana nafasi. Yeye tangu azaliwe, kijani na nyekundu kwake ni rangi moja. Mbao anazitambua kwa harufu na kwa kuzipapasa, hajakosea hata siku moja. Maduara hayana harufu.

Macho yangu mimi ni mazima, usianze. Ni kile chumba cha kompyuta, dirisha limekaa vibaya.

Wewe unafanya kazi na hao watu wa kompyuta. Hebu niulizie aliyetengeneza kitu hiki ni nani, na kama huyo mtu ana mama.

Shangazi yako anayekupenda ukiwa mbali na ukiwa karibu.


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na imenifurahisha sana. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mwambie Baba goti alikande kwa maji ya moto. Mimi sijambo, ila kazi ni nyingi. Ofisi yetu imepata tuzo mwezi uliopita, tuzo ya muonekano bora wa kurasa, na tangu hapo wageni hawaishi. Tumewekewa viti vipya vinavyozunguka na mmea mkubwa mlangoni. Kwa upande mwingine, mchumba wangu ameomba muda wa kufikiri. Hayo yabaki kati yetu wawili tafadhali.

Kuhusu mtandao wa mafunzo, pole. Nadhani suluhisho ni dogo tu. Ongeza mwanga wa skrini. Kaa karibu zaidi. Ukiweza, pima macho, miwani siku hizi ni ya kawaida na si aibu. Ninavyofahamu, muonekano wa kurasa za aina hiyo hupimwa kwa makini sana na wataalamu, na kuubadilisha kwa ajili ya mtu mmoja mmoja kunavuruga umoja wa kazi nzima. Fikiria kama kila mtu angejipakia rangi yake, ingekuwa vurugu.

Wengine huwa wanazoea baada ya wiki mbili hivi.

Wako mtiifu,
Nadhifu


9 Machi

Nadhifu,

Marahaba. Baba yako amekanda goti kwa maji ya moto, akajiunguza, sasa ana goti bovu na ngozi mbovu, na lawama zote ni zako. Mtoto anaendelea vizuri, analia usiku na mchana kwa usawa.

Barua yako nimeipata. Umeipiga chapa kwenye kompyuta, vizuri, umesoma. Lakini baba, ni herufi gani hizo? Rangi ya maji yaliyooshea vyombo, na udogo ule ule wa mayai niliyokutajia. Niliishika karibu, nikaishika mbali, nikaipeleka dirishani, nikashindwa. Ikabidi nimpe mwanafunzi mmoja anisomee. Yule binti ana sauti, na karakana ilikuwa imejaa. Kwa hiyo darasa zima la ushonaji, wanafunzi thelathini na wawili, wanajua kwamba mchumba wako ameomba muda wa kufikiri. Wamelijadili. Wengi wanaona harudi. Ungeandika kwa herufi za watu, siri yako ingebaki kati yetu wawili kama ulivyotaka.

Nimefanya mtihani mara ya kwanza. Nimepata sifuri.

Usicheke, ngoja. Fundi wa kompyuta wa chuo alinionyesha kukuza ukurasa mzima kwa vitufe viwili. Herufi zikawa kubwa, nikaona dunia, nikajibu maswali yote arobaini bila kusita. Nikatafuta kitufe cha kutuma majibu. Hakipo! Ukurasa ulipokua, kitufe kilitoka nje ya skrini, na ukijaribu kuuvuta pembeni hausogei hata kidogo. Nikarudisha udogo ili nikione, majibu yote yakafutika, na saa ikaniishia. Likaja bango, "Hujajibu swali lolote. Ongeza bidii." Mimi niambiwe niongeze bidii! Miaka ishirini na saba sijawahi kukosa kipindi, hata siku niliyomzika mume wangu nilirudi mchana kukagua mifuko ya suruali za mwaka wa pili.

Seremala naye kaanguka. Alibahatisha maduara yote kwa imani tu. Kapata kumi na tisa kwa arobaini, imani yake si haba.

Tukaliandikia dawati la msaada, kila mtu barua yake, mimi la herufi na yeye la rangi. Tumejibiwa siku moja, majibu yanafanana neno kwa neno: "Muonekano wetu umepimwa kwa makini na wataalamu. Kuubadilisha kwa ajili ya mtu mmoja mmoja kunavuruga umoja wa kazi nzima." Sentensi hiyo nimeisikia mara mbili ndani ya mwezi mmoja, mara moja kutoka dawati la msaada na mara moja kutoka kwa mtoto wa kaka yangu. Dunia ndogo hii.

Sikuulizi kitu. Nakueleza habari tu.

Shangazi yako, mwenye bidii zile zile za zamani.


4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilipata mafua, halafu ofisi ikahamia ghorofa ya juu, halafu ule mmea wa mlangoni ukafa tukawa na kikao kuhusu mmea. Hali ya hewa huku ni ya kawaida. Viti tumeviacha kule chini, vya huku havizunguki. Mpe pole Baba. Nimemtumia mtoto kofia.

Nimefikiria sana kuhusu mtihani wako. Nadhani njia rahisi ni hii. Pale darasani una vijana wenye macho makali. Mwambie mmoja akae kwenye kompyuta akufanyie, wewe ukae pembeni umwelekeze. Hakuna atakayejua. Watu wengi hufanya hivyo, nakuhakikishia, na mfumo hauna namna ya kugundua.

Hayo mengine yana mlolongo mrefu, shangazi. Si kitu cha mtu mmoja kuamua.

Wako,
Nadhifu


15 Mei

Wewe,

Kofia ya mtoto imefika. Ni ndogo. Umepima kichwa cha nani?

Barua yako nimeisoma mwenyewe safari hii, neno kwa neno, kwa kile kioo cha kukuzia ninachokagulia mishono. Imenichukua saa nzima, na nilipofika kwenye lile shauri lako niliona heri ningebaki sijui. Nimemfukuza mwanafunzi chuoni kwa kumshonea mwenzake kola ya mtihani. Leo mimi nimkalishe mtoto wa watu anifanyie wangu? Na wewe ndiye wa kuniambia? Tulikulea wapi, jamani.

Kwa kuwa kioo kilikuwa mkononi, niliingia nacho kwenye kompyuta. Nimeukagua ule ukurasa wote kama ninavyokagua koti, mbele, nyuma, mpaka kwenye pindo la chini. Na chini kabisa, kwenye rangi ya majivu juu ya majivu, nimekuta maandishi: umebuniwa na, halafu jina lako, na la baba yako, na la babu yako pia, hukumsaza hata marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nilipaswa kuhisi mapema.

Nimefanya mtihani mara ya pili bila kukuza chochote. Nimepata ishirini na mbili, wanataka thelathini. Maswali niliyoyaona niliyapata. Imebaki mara moja. Seremala naye amebakiza moja, na kiongozi wa idara anamsukuma amalize upesi, orodha ya matokeo inasubiri.

Kwenye kifurushi hiki kuna suruali. Ni ya kwako ya shule. Ikunjue. Ukiitazama miguuni utaona mistari mitatu iliyofifia, na kiunoni nyuma utaona mishono mitatu ya zamani. Nilipokushonea ulikuwa darasa la tatu na miguu yako ilikuwa kama vijiti. Ningeweza kuikata ikukae sawasawa siku ile ile, ukatembea kama picha. Niliacha kitambaa ndani, vidole vinne chini na viwili kiunoni, kwa sababu nilijua mwenye nguo habaki vile vile. Kila mwaka nilifumua, nikashusha, nikashona. Uliivaa miaka minne. Ulikuwa unakaa chini ya meza yangu ukiniuliza kwa nini napoteza kitambaa pale ndani kusikoonekana, nami nikakujibu kwamba hiyo ndiyo akiba ya mvaaji. Ukasema umeelewa.

Nguo yako wewe haina akiba hata ya kidole. Imekatwa kwa kipimo chako, na asiyeingia anaambiwa aongeze bidii.

Sina ombi. Suruali usinirudishie.

Shangazi.


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi, nadhani herufi unaziona. Ukurasa mmoja unachukua mistari kumi tu, kwa hiyo nimetumia karatasi nyingi, na wenzangu wameuliza kama naandika mabango ya maandamano.

Ni mimi. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, nilipofika kwa yule msichana wa meno. Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona hasira, nikajiambia shangazi haelewi mambo ya kisasa. Ndivyo nilivyojiambia kwa miezi minne.

Nikwambie lile la kitufe. Tulipokuwa tunaandaa kazi ya kupeleka kwa majaji wa tuzo, niligundua kwamba ukurasa ukikuzwa, kitufe cha kutuma kinatoka nje. Kukirekebisha kungechukua siku tatu, na kungeharibu mpangilio wa picha. Majaji hawakuzi. Kwa hiyo nilizuia ukurasa usivutwe pembeni, ili kasoro isionekane. Mstari mmoja tu wa maandishi, shangazi, niliuandika wakati nasubiri chai ipoe.

Majibu ya dawati la msaada ni yangu pia. Niliandika jibu moja na likawa linajituma lenyewe. Malalamiko yalikuwa yanaingia kwenye faili nililolipa jina "Kelele". Nimelifungua juzi. Yako mia mbili na kumi na mawili.

Suruali ilifika kazini, nikaikunjua mbele ya watu kabla sijajua ni nini. Mkuu wetu akauliza kama ni wazo jipya la nembo. Nikamwambia lazima tubadilishe kurasa kabla ya mwisho wa Juni. Akasema haiwezekani, wageni wa tuzo wanakuja Julai. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu ana shibe ya tuzo. Basi siku iliyofuata nilichukua miwani yake ya akiba, nikaipaka mafuta ya mgando, nikamwomba afanye mtihani wa majaribio akiwa ameivaa. Alikubali kwa sababu wengine walikuwa wanatazama. Alifanya dakika kumi anatukana polepole, akakuza ukurasa, kitufe kikampotea, likamjia bango la "Ongeza bidii". Alivua miwani akaitupa mezani, akapiga kelele, "Nani mpumbavu aliyebuni kitu hiki?" Ofisi nzima ikanitazama. Nikanyoosha mkono.

Nimepewa siku tisa. Kufikia tarehe kumi na moja kutakuwa na sehemu juu kabisa ya ukurasa, inayoonekana, ambapo kila mtu atachagua ukubwa wa herufi anaotaka, ukurasa mweupe au mweusi au wa rangi ya maziwa, na msichana anaweza kuondolewa. Ukikuza, kila kitu kinajipanga upya na kitufe kinabaki. Usifanye mtihani kabla ya siku hiyo, nakuomba.

Na nina swali, usiudhike. Ulisema macho yako ni mazima. Lakini yule binti alikusomea, na ya pili uliisoma kwa kioo, saa nzima. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Jicho lako lina nini?

Mchumba hajarudi. Waambie darasa walikuwa sahihi.

Nadhifu


28 Juni

Mpwa wangu,

Tumeipokea barua yako, imelala kwenye meza ya kukatia vitambaa karatasi kumi na nne. Baba yako ameisoma akiwa mlangoni, kwenye kiti, bila miwani. Alipofika kwenye miwani yenye mafuta alicheka mpaka akasahau goti. Mtoto ameota jino, na kofia tumemvisha paka.

Umeuliza, nitakujibu. Jicho la kushoto ni ukungu mtupu tangu mwaka juzi. La kulia limeanza kulifuata. Daktari anasema ni mtoto wa jicho na linatolewa, nimepangiwa Agosti. Sikumwambia mtu. Mwalimu wa ushonaji asiyeona, hebu niambie, nani atamwacha darasani? Wanafunzi wamekuwa wakinitungia uzi kwenye sindano, mimi nikijifanya nawapima kasi. Niliogopa, Nadhifu. Mimi niliyezoea kuogopwa nilikuwa natetemeka kila nikifungua kile chumba cha kompyuta. Sasa umejua, na nimepumua.

Tarehe kumi na mbili niliingia. Nikaikuta hiyo sehemu juu ya ukurasa. Nilichagua ukurasa mweusi na herufi za rangi ya maziwa, kubwa, kila swali likajaa skrini nzima. Msichana nikamwondoa wa kwanza. Nikasoma mwenyewe, nikajibu mwenyewe, na kitufe kikanisubiri mahali pake. Thelathini na saba kwa arobaini. Nilipiga kigelegele, mwalimu wa hesabu akadhani nimeona nyoka. Mkuu wa chuo kanipa mkono huku anatabasamu, lakini yeye hutabasamu kwa kila kitu. Nabaki darasani. Ahsante, mwanangu. Hilo nakushukuru kwa moyo wote na silirudii.

Sasa tuzungumze.

Kwenye barua zangu zote tatu nimekutajia seremala. Nilikueleza la maduara tangu mwezi wa pili. Hukumtaja hata mara moja. Umekuza herufi, umeleta ukurasa mweusi, umebakisha kitufe, yote niliyolia mimi yamekwisha. Maduara yako pale pale, kijani na nyekundu, bila neno, yanabadilishana nafasi. Umefumua nguo nzima, shangazi yako akaingia, ukafunga cherehani.

Seremala alifanya mara yake ya tatu tarehe ishirini Mei, kwa kusukumwa. Alipata kumi na sita. Tarehe moja Juni, siku moja kabla hujashika kalamu yako ya maboksi, alikabidhi funguo za karakana. Miaka ishirini na sita. Vijana wake walimbebea sanduku la vifaa mpaka getini. Tofauti yangu mimi na yeye unaijua? Si akili wala bidii. Yeye hana mpwa ofisini kwenu. Na wale mia mbili na kumi wengine wa kwenye faili lako, nadhani nao hawana.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikapiga meza. Amesema hivi: wenye mtandao wakiandika barua kwamba kosa lilikuwa lao, na maduara yakirekebishwa, seremala atapewa mtihani mara ya nne na funguo atarudishiwa. Mwisho ni tarehe kumi Julai. Barua yenye sahihi ya aliyebuni, amesisitiza. Nikamwambia aliyebuni namfahamu, nilimshonea suruali.

Kwa hiyo barua hii sikuitia posta. Nimempa mtu akuletee mkononi, mzee mrefu mwenye begi la turubai, koti lake nimelipiga pasi mwenyewe. Kama nakujua, umeipokea kwake ukamwambia "ahsante mzee," ukadhani ni tarishi, ukakaa kusoma, na yeye umemwacha amesimama karibu na mahali ulipokufa ule mmea.

Ndiye seremala. Inuka umpe kiti, halafu mfungulie ule mtihani umuulize anaona nini.